Tafsida ya Wilbert

Siku ile nilikuwa nafundisha tafsida kidato cha tatu, hapa Bukoba. Nilikuwa nimeandika ubaoni: amefariki, ametutoka, amepumzika. Farida, msichana asiyekubali jambo mpaka aligeuze juu chini, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, tutajuaje kama mtu anatumia tafsida au anasema tu yaliyopo?”

“Sikiliza sauti,” nikamjibu kwa maringo. “Anayeficha msiba hupunguza sauti.”

Simu ikatetema mfukoni. Alikuwa Wilbert, mdogo wangu anayeishi na mama kule Kishanda. Nikatoka nje kuipokea.

“Dada, mama hajisikii vizuri,” alisema kwa sauti ya chini kabisa. “Njoo leo leo, waitu, nakuomba.”

Nikashika ukuta.

Kwetu sisi mtu hapigiwi simu akaambiwa mzazi wako amekufa. Huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo, na ya kweli utayakuta nyumbani. Wanasema ni huruma, usije ukaanguka njiani. Alipokufa baba waliniambia amebanwa na kikohozi. Nikapita duka la dawa pale Kashai, nikanunua chupa ya dawa ya kikohozi, nikaenda nayo hadi Kishanda. Nilipoingia kibanjani kwetu nilikuta turubai na wanawake wanalia, na mimi nimeshika chupa yangu. Shangazi aliiona akageukia pembeni. Aibu ile haijanitoka mpaka leo, na niliapa hawatanifanya mjinga mara ya pili.

Kwa hiyo mama alikuwa amekufa. Nilipanda basi nikaziba mdomo kwa mtandio, maana nilijua nikianza kulia sitanyamaza. Niliiogopa hata simu iliyokuwa mapajani mwangu. Kabla hatujafika Muleba ikaita tena.

“Dada, umefika wapi? Mama anakuulizia.”

“Ananiulizia!” Nilifoka mpaka abiria wakageuka. “Mimi si mtoto, Wilbert!”

“Basi ngoja nikupe uongee na...”

Nikakata, kisha nikaizima kabisa. Nilihofu kwamba nyuma ya sauti yake nitasikia vilio.

Muleba nikashuka. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena mwalimu wa mjini, na safari hii sikutaka kuingia nyumbani na kitu cha kunifanya nichekwe. Nikaenda kwa fundi wa majeneza.

“Marehemu alikuwa mrefu?” aliniuliza.

“Ananifikia begani,” nilisema, na hapo ndipo nilipolia.

Fundi alikuwa bado hajapiga misumari ya mishikio. Nikamngoja karibu saa mbili, nimekaa kwenye kigogo, huku nikimlaumu Wilbert moyoni kwa kunichukulia kama mtoto. Kisha nikakodi pikapu ya dereva mmoja aitwaye Hamidi, tukalipakia jeneza.

Tulifika Kishanda saa tisa alasiri. Hapakuwa na turubai wala kilio. Nikasema moyoni, hata turubai wameshindwa! Nikashuka nimekasirika, nikapita migombani mbele ya gari. Nilipotokeza uani nilisimama ghafla.

Mama alikuwa mlangoni juu ya mkeka, amefunikwa blanketi hadi kifuani, na Wilbert anamnywesha uji kwa kijiko.

“Tangu asubuhi amekataa kulala ndani,” Wilbert alisema. “Anataka aione njia utakayokuja nayo. Nilipokupigia ile mara ya kwanza alikuwa amesinzia, nikashusha sauti nisimwamshe. Mbona ulizima simu?”

Furaha ilinijaa mpaka nikataka kupiga kelele, na papo hapo nikasikia pikapu ikinguruma nyuma yangu, inaingia uani. Nilirudi nyuma nikatanua mtandio wangu. Nilitanua kwa mikono yote miwili, kama mwendawazimu, lakini mtandio haufichi jeneza.

Hamidi alizima injini. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akavua kofia yake.

“Esther, mwana wange,” mama aliita. Sauti ilikuwa imemkauka. “Umekawia. Hicho umekuja nacho ni nini?”

Nilipiga magoti kwenye mkeka.

“Si changu, mama. Ni cha watu wa kijiji cha mbele. Dereva anawapelekea, mimi nimeomba lifti tu.”

Nilijisikia mwenyewe sauti ikishuka. Farida angekuwepo angenyoosha mkono.

Mama alilitazama lile jeneza kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, kwa jicho lile analopimia kitenge sokoni. Kisha akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto sana.

“Basi mwambie dereva aende nalo polepole,” alisema. “Mwenyewe hana haraka.”