Mgongo wa Boio

Boio alikuwa akifinyanga chungu cha tatu, akikipiga kwa kibao kikae umbo, alasiri, maji yamekupwa, Sinabada alipotokea. Ndivyo tulivyowaita mabibi wa kizungu. Huyu alikuwa mwandishi wa vitabu vya safari, na alikuwa amekufa miaka minane iliyopita, kwao kwenye baridi. Kofia ilikuwa ileile.

Alipita katikati ya ukuta wa kanisa bila kuinama, akafika penye tope chini ya nyumba zetu za nguzo, akasimama.

“Boio, nibebe.”

“Ukuta umeupita, tope ndilo linakushinda?”

“Viatu vyangu, Boio.”

Boio akainama. Uzito haukupungua hata kidogo. Huko waliko wanakula vizuri, inaonekana.

Zamani, Boio akiwa msichana, alimbeba hivyohivyo siku kumi na moja vinamasini, Sinabada akiandika, daftari limelazwa juu ya kichwa cha Boio. Siku tamu zile. Jioni walikula sago ya kuchoma, unga wa mti wa vinamasini, Sinabada akaimba nyimbo za kwao vibaya mpaka Boio akajikojolea kwa kicheko. Kitabu kilipofika, Kone, binti wa kaka yake, mwalimu wa shule, alimsomea: “Nilivuka vinamasi peke yangu.”

“Kwani mimi nilikuwa wapi?” Boio aliuliza. Kone alipekua kurasa zote. Boio hakuwamo.

Sasa, katikati ya tope, Boio alisema, “Niandike jina. Nazeeka mwenzio, nataka niwemo.”

“Kesho.”

“Ulisema hivyo ukiwa hai.”

Kwetu kila mfinyanzi ana alama yake. Huikwaruza shingoni mwa chungu kingali kibichi, na hapo hakuna wa kubisha ni cha nani. Alipomtua ngazini, Boio alichukua gamba la chaza akamkwaruza Sinabada shingoni mistari yake mitatu. Maiti ni laini kama udongo. Alama ilikaa vizuri.

“Unanitekenya,” Sinabada alisema, akaondoka kupitia jikoni.

Asubuhi Kone alifungua kitabu. Mwishoni palikuwa na ukurasa mpya. Alipangusa wino kidoleni, akasoma: “Nimerudi, nimevuka tope peke yangu. Shingoni nina kovu la makucha ya mnyama, niliyepambana naye bila msaada.”

Boio alikanda udongo kidogo.

“Mnyama gani?”

“Jina hakulitaja, shangazi.”