Chupa ya Sita

Tangu Ramadhani hadi mfungo tatu, miezi mitatu mizima, Fadhiya alipigana na uchafu, na uchafu ukamshinda. Kwenye roshani ya shangazi yake Mwanakuu, Mji wa Kale, alikuwa na chupa saba kubwa za maji ya bahari. Humo alikuza mwani mdogo usioonekana kwa macho, ule unaohifadhi mafuta mwilini mwake. Alichemsha maji, akachemsha chupa, akachemsha hata vizibo. Chupa iliyoingia bakteria aliimwaga bila huruma. Na huo mwani wake safi ukabaki mwepesi kama uji wa mgonjwa. Mkuu wake, Daktari Hussam, alikuwa amempa mpaka Jumamosi: mafuta yaonekane, ama utafiti ufungwe.

Alhamisi aliamka kutoka kwenye homa ya siku nne. Chupa ya sita, iliyochafuka asipate nguvu ya kuimwaga, ilikuwa imekolea kijani kama mchicha uliopondwa. Aliweka tone kwenye darubini. Bakteria walikuwa wameuganda mwani, na kila chembe ilijaa vitone vya mafuta. Kumbe mwani na bakteria walikuwa wakilishana. Miezi mitatu alikuwa akimwaga riziki yake kwa mikono yake mwenyewe, na alijichukia kwa hilo.

Akashuka mbio hadi kibanda cha simu cha Makadara kumpigia Daktari Hussam. Aliporudi, chupa ya sita ilikuwa imefudikizwa kwenye sinia, inang'aa. Hata kioo cha darubini chenye lile tone kilikuwa kimeoshwa.

"Shangazi, kilichokuwa humu ki wapi?"

"Nimekimwaga chooni, mwanangu, nikafuatisha dawa. Kilikuwa kimeshaoza." Mwanakuu alikuwa akijifuta mikono, ameridhika. "Nimekuona mgonjwa, nikasema nikupunguzie. Si wewe ulonambia kidudu kimoja chaharibu kazi yote?"

Maneno yalikuwa ya Fadhiya mwenyewe, hakuna hata moja lililoongezwa.

Akaingia jikoni, akatwaa tambara la kuoshea masufuria, akarudi nalo roshani. Alizibua chupa ya kwanza akalikamulia humo, kisha ya pili.

"Fadhiya, hilo tambara la masufuria."

"Nalijua."

"Lina uchafu."

"Hata sijui kama ndio ule uliolisha mwani wa chupa ya sita, shangazi." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye anakamua. Tambara likakauka kwenye chupa ya tatu. "Huna jengine?"