Sauti Kwenye Njia ya Watoto

Tangu wamzike kaka yake mkubwa, fundi wa friji hakuwa amelia. Siku ya mazishi alihangaika na viti, maturubai na maji ya wageni, na watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Mwenyewe alijua hakujikaza hata kidogo. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Alikuwa amekufa ganzi, mwili na roho. Kila asubuhi alifungua karakana, akageuza friji ya mtu ikampa mgongo, akabadilisha mpira wa mlango au akajaza gesi, akanawa mikono na kufunga. Mteja akimpa pole, alisema asante kama mtu aliyeambiwa saa.

Mama yake ndiye aliyevunja mzunguko huo. Alimkuta karakanani, akajitafutia nafasi juu ya kreti.

"Watoto wa kaka yako hawajatoka nje ya geti tangu msiba," alisema. "Baba yao alikuwa anawapeleka kutembea kwenye ile hifadhi ya msitu kila likizo. Sasa wewe ndiye baba yao mdogo. Wapeleke."

"Kazi zimenilalia, mama."

"Friji zitasubiri. Hazina miguu."

Basi Jumamosi wakaenda, kwa gari lake la kazi lililonukia oili. Mama alikaa mbele na kikapu mapajani. Nyuma alikaa shemeji yake, mjane wa kaka, katikati ya mabinti zake wawili: mkubwa wa miaka kumi na mitatu waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na ubishi, na mdogo, Kidoti, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele.

Getini walipokewa na askari wa hifadhi, dada mmoja mwenye buti zilizokula matope mengi.

"Mkiwa na mtoto na bibi, fuateni alama za njano kwenye miti," aliwaambia. "Inaitwa Njia ya Watoto. Haina vilima vya kumtoa mtu roho."

"Nashukuru mwanangu," mama akajibu. "Hii roho bado naitumia."

Wakacheka, na fundi akacheka nao, akichelewa kidogo.

Njia ilikuwa laini, imetandikwa majani yaliyooza, mizizi imeivuka huku na huku kama kamba zilizosahauliwa. Juu matawi yalikuwa yameshikana, jua likishuka kwa vipandevipande. Profesa alisoma kila kibao kwa sauti: mti huu unaitwa hivi, gome lake linaliwa na wadudu gani. Kidoti alikuwa anajaza mifuko kokoto. Fundi aliyaona yote, akayaona vizuri tu, lakini kama mtu anayetazama kupitia kioo cha dirisha la basi. Alijua pale pana uzuri. Haukumfikia.

Walipovuka kidaraja cha mbao, mama akaomba kupumzika. Fundi akamkalisha kwenye gogo. Shemeji alikuwa ametangulia hatua kadhaa, ameinama anafunga kamba za kiatu, na Profesa yuko kwenye kibao kingine. Kidoti akaona kipepeo. Kufumba na kufumbua, hayupo njiani.

Fundi akapaza sauti, "Kidoti! Wee Kidoti! Rudi njiani haraka!"

Shemeji akainuka huku anacheka. "Namwona, yuko hapa kwenye majani, bwana! Acha kututia aibu mbele ya miti!"

Alisema hivyo kwa ule utani wa mke kwa mumewe, na alipogeuka, uso wote ulikuwa umefunguka. Fundi hakuwahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Kisha macho yao yakakutana. Shemeji akamtambua, na ule uso ukafungika taratibu.

Toka utotoni watu walisema ndugu wale wawili wana koo moja. Sura hawakufanana hata chembe. Mmoja mrefu, mwingine mfupi wa kifua kipana. Lakini ukiwasikia bila kuwaona, hata mama aliyewazaa alikuwa anabahatisha. Siku zote za msiba fundi alikuwa akizungumza chini chini, maneno mawili matatu, wala hakuwahi kufikiria kwa nini. Leo ndiyo mara ya kwanza kuita kwa nguvu.

"Samahani, shemeji," akasema mjane.

"Hamna neno."

Kidoti akatokea na majani kwenye nywele. "Nilidhani ni baba," alisema, kama mtu anayesema mvua inakuja.

"Kidoti!" Profesa akamkemea.

"Si kweli? Baba Mdogo, niite tena."

Fundi akamtazama shemeji. Shemeji akatazama mti ulio karibu, halafu akaitikia kwa kichwa na kwenda kukaa kando ya mama mkwe wake.

Kidoti akajificha nyuma ya shina nene. "Sema, 'Kidoti wa baba, toka huko, njaa inauma!'"

Fundi akasema. Maneno yalitoka makavu na sawasawa, kama ya mtu anayesoma tangazo. Kidoti akacheka nyuma ya mti, akataka tena, na tena. Profesa akasimama amekunja mikono, akasema watu wanafanya mambo ya kitoto. Baadaye akaenda polepole nyuma ya mti wake mwenyewe, eti anaangalia kuvu. Kisha, "Na mimi."

"Profesa," fundi akaita, kama kaka yake alivyozoea kumtania, "miwani yako iko kichwani."

Huko nyuma ya mti hakukucheka mtu. Ilisikika pua ikivutwa.

Mama akafumba macho. "Mimi kaka yako alikuwa ananiita bibi harusi."

"Bibi harusi," akaita mwanawe aliyebaki, "chai inapoa!"

Mama akacheka, na kicheko kikageuka njiani, akauficha uso kwenye mtandio. Shemeji akamshika mabega. Yeye hakuomba kuitwa. "Inatosha sasa," akasema baadaye. "Bado tuna safari."

Walikula mayai ya kuchemsha kwenye uwazi mwishoni mwa njia, wakagombania chumvi, Kidoti akaangusha lake na kulila hivyo hivyo na mchanga. Waliporudi kwenye maegesho, mama na watoto wakaingia garini. Shemeji akabaki nje, anakung'uta viatu kwenye tairi.

"Nina ombi, shemeji, usinielewe vibaya," alisema. "Mimi usinipigie simu. Watoto waite utakavyo, wanakuhitaji. Ila mimi niandikie, au njoo nikuone usoni. Nitazoea, lakini sijazoea."

"Sawa."

"Hujakasirika?"

"Sijui." Akatafuta neno. "Sijui hata kama nina huzuni. Tangu siku ile sisikii kitu. Hata pale msituni, nyie mnalia, mimi natoa sauti tu."

Hakuwa amemwambia mtu. Shemeji akaacha kukung'uta viatu.

"Na mimi nimekuwa na hasira na wewe," akasema. "Nilikuona makaburini unapanga viti. Nikasema, huyu kifo cha kaka yake hakijamuuma."

"Una haki."

"Sina. Lakini hasira ninayo." Akafungua mlango wa gari, akasita. "Njoo Jumapili ijayo. Bomba la jikoni linavuja."

"Mimi ni fundi wa friji."

"Njoo hivyo hivyo."

Alikwenda. Bomba lilimpiga chenga nusu ya asubuhi, likamlowesha mpaka kifuani, na Kidoti akawa anampa spana isiyo yenyewe kila mara. Kilio chake hakikuja siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini alipouliza kitambaa kiko wapi, aliuliza kwa sauti yake yote, bila kuipunguza, na shemeji, aliyekuwa chumba cha pili, akanyamaza kwanza. Kisha akajibu kwamba kiko nyuma ya mlango.