Beberu wa Mama Gody

Ukitaka ugomvi na ukoo wa akina Maige pale Mugango, wanyime wageni nyama nono. Yunis alilijua hilo vizuri, na bado akawanyima.

Siku hiyo ya Septemba wakwe walikuwa wamefika kutoka Bunda. Maige, kaka mkubwa wa marehemu mume wake Clementi, alishaingia zizini kwa Yunis na kamba mkononi, anamwendea beberu mwekundu mwenye kifua kipana. Mgeni wa heshima huchinjiwa dume kubwa kuliko yote, ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Yunis akaziba mlango wa zizi, mikono kiunoni.

"Huyo hapana, shemeji. Chukua yule mweupe."

"Kale kakondefu? Mama Gody, sisi tulikuwaga tunachinja dume kubwa. Hata Clementi alijua!"

"Ndiyo maana mbuzi wetu wamebaki kama paka! Kila dume zuri linaishia sufuriani, halafu majike tunayaachia hivi vidhaifu. Hivi wewe shemeji, mahindi ya mbegu unayakaangaga?"

Lo! Maige akasonya, akamfunga kamba yule mweupe. Wageni walimla yule mweupe, mifupa mingi kuliko nyama, na aibu yote ikamwangukia Yunis. Jioni hiyohiyo Maige akasema mbele ya ukoo kwamba mwanamke mchoyo hawezi kushika zizi la mdogo wake. Wazee wakampa Yunis mpaka mnada wa Krismasi ya mwaka unaofuata. Mbuzi wake wasipowashinda wa Maige kwa unono, zizi linahamia kwa Maige.

Yunis aliogopa, tusidanganyane. Wale mbuzi ndio waliokuwa wakimsomesha Gody, mwanawe wa pekee. Lakini hakurudi nyuma. Akamwita bwana mifugo, vidume vingine vyote vikahasiwa, majike akabaki nayo yule mwekundu peke yake. Maige akambatiza beberu huyo jina la Supu, na kila akipita njiani anapaza sauti, "Supu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu!" Yunis anamjibu.

Februari majike yakazaa.

Siku ya mnada pale Kiabakari, Yunis na Maige walifunga mbuzi wao jirani, wazee wakasimama pembeni kushuhudia. Akaja Baltazari, mchinjaji wa Musoma, mtu asiyeamini macho yake. Yeye hukandamiza kiuno cha mbuzi kwa vidole, akigusa mfupa anaondoka. Akaanza kwa mbuzi wa Maige, wa miaka miwili.

"Hawa bado," akasema.

Akafika kwa Yunis. Akakandamiza. Akarudia. Akapanua mkono mzima.

"Mama, hawa wana miaka mingapi?"

"Miezi kumi."

"Acha utani wewe!" Akamfungua mmoja mdomo, kisha akaita wenzake kwa sauti. "Njooni muone! Meno ya utoto yote haya, na mgongo huu! Jamani, hawa ni wangu, asiguse mtu!"

Yunis akapiga vigelegele mpaka mnada mzima ukageuka. Alicheka, akalia, akacheka tena. Mzee mmoja wa ukoo akamshika mkono na kumwambia zizi ni lake, na habari hiyo isirudiwe tena. Maige alikuwa anafungua kamba za mbuzi wake, hazifunguki.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wiki moja baadaye, asubuhi, hodi ikasikika. Alikuwa Maige, ameinamisha kichwa, na majike mawili kwenye kamba.

"Mama Gody," akaanza, "hawa wangu wamepata joto. Nilikuwa naomba... yule beberu..."

Yunis akamfungulia mlango wa zizi, wazi kabisa.

"Karibu, shemeji. Ila mwombe radhi mwenyewe kwanza. Ulimwita Supu."

Na Maige, mtu mzima na mvi zake, akavua kofia mbele ya beberu.