Kibali cha Kukata Mzambarau

Tangu walipomzika mtoto wao, Mwaija hakukanyaga tena uani. Jiko alilihamishia barazani, akawa anasonga ugali mbele ya wapita njia. Nguo alianika dirishani. Hata haja ilipombana alivuka barabara akaomba choo kwa jirani, kana kwamba nyumba yake iliishia kwenye mlango wa nyuma.

Mume wake, Yahaya, alikuwa seremala. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa mto Mirongo, Mwanza mjini, karibu na pale mto unapoingia ziwani, na uani palikuwa na mzambarau mkubwa walioukuta walipohamia. Chini ya mti huo ndipo Yahaya alipoweka meza yake ya kazi. Mwezi wa kwanza mwaka 1961, zambarau zilipoiva, binti yao Mwanaharusi alianguka kutoka juu ya mti. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Alikaa hospitali siku mbili. Ya tatu akafa.

Arobaini ilipokwisha, Mwaija alifunga nguo zake kwenye kanga.

"Naenda Nansio kwa kaka yangu," alisema.

"Utarudi lini?"

"Sijui. Siwezi kutazama huko uani, Yahaya. Nikifungua mlango ule, roho inataka kunitoka."

Yahaya alimbebea mzigo mpaka kwenye meli ya Ukerewe. Kuitwa kwa jina, hivyo "Yahaya" kavu, kulimkaa moyoni, kwa sababu kwa miaka tisa alikuwa "Baba Mwanaharusi". Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliwaza jambo moja tu, nalo ni mti. Mti ukiondoka, mke atarudi. Aliliona waziwazi, kama anavyoona ubao uliopinda akajua wapi pa kupitisha randa.

Kesho yake asubuhi alitoa shoka. Hajapiga hata mara sita, tarishi wa ofisi ya mji aliyekuwa akipita ng'ambo ya mto akapaza sauti.

"Fundi! Una kibali?"

"Kibali cha nini? Mti wangu, kiwanja changu."

"Mti wa kando ya mto haukatwi bila kibali, hata ukiwa umeota kitandani kwako. Utashtakiwa bure. Nenda kwa karani Chenge akupe fomu."

Chenge alikuwa Msukuma mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na mtu asiye na haraka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, basi yeye akawa anasoma na kutafsiri, Yahaya anajibu. Jina. Namba ya kiwanja. Aina ya mti. Urefu wake, kwa kukisia.

"Sababu ya kuomba?"

Yahaya akainamia fomu asiyoweza kuisoma.

"Wengi husema mizizi inapasua ukuta," Chenge alimsaidia. "Au mti umeoza. Wewe sema lililo kweli."

"Mtoto wangu alianguka kutoka kwenye mti huo. Amefariki."

Karani aliweka kalamu mezani. "Pole sana, ndugu yangu. Pole sana." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapa nitaandika kwamba mti ni hatari kwa watoto. Sawa?"

"Andika hivyo."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na sehemu iliyobaki Yahaya hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siku ile alikuwa na mgeni. Mfanyabiashara mmoja, Makame, aliyekuwa safarini kwenda Bukoba, alisimama kuangalia kazi yake, maana alitaka kuagiza milango ya nyumba mpya. Mwaija alikuwa ameenda sokoni. Makame akatazama juu akasema zambarau hizo zina afya, hajaona nyingine kama hizo tangu aanze safari. Yahaya akajisikia mkubwa. Akamwita mtoto.

"Mwanaharusi, mchumie mgeni. Hizi za chini hazina utamu. Panda uchume za juu."

"Mama amenikataza kupanda, baba."

"Na mimi ndiye ninayekuambia panda."

Mtoto akapanda. Alikuwa mwepesi, akafika mbali kuliko baba yake alivyodhani, akawa anacheka na kudondosha zambarau kwenye kikapu ambacho Makame alikishika kwa mikono miwili. Kisha tawi likavunjika. Makame alisaidia kumbeba mpaka hospitali, halafu akaondoka na safari yake, na Yahaya hakumwona tena.

Siku mtoto alipokata roho, Mwaija alimshika mumewe mkono mlangoni mwa hospitali akamuuliza, "Alipanda kufanya nini huko juu? Nilimkataza."

"Watoto, Mama Mwanaharusi. Huwajui watoto? Mimi nilikuwa nimeinamia ubao, sikumwona."

Mwaija alimtazama kwa muda mrefu. Hakuuliza tena.

Mwezi wa sita mkaguzi wa ofisi ya mji, Mzungu mnene mwenye kofia pana, alikuja na Chenge. Aliuzunguka mti mara mbili, akaugonga kwa ngumi, akashuka mpaka ukingoni kutazama mizizi iliyoning'inia juu ya maji. Alisema maneno machache, akaandika, akaenda zake. Baada ya wiki mbili Yahaya aliitwa ofisini kusomewa barua. Mti ulikuwa mzima, hauna ugonjwa. Mizizi yake ndiyo iliyoshikilia ukingo wa mto. Ombi limekataliwa. Mwombaji awafundishe watoto wake wasipande.

Sentensi hiyo ya mwisho Chenge aliisoma polepole, kwa aibu, kama mtu anayelazimishwa kutaja tusi.

"Sikuiandika mimi," alisema.

"Najua."

"Kata rufaa. Kuna kamati ya madiwani, lakini sasa hivi haikai, kila mtu anashughulikia mambo ya uhuru. Subiri."

Yahaya akasubiri. Kila alipopata baharia wa kuaminika alituma ujumbe Nansio: mwambieni Mwaija nimeomba kibali cha kukata mti, avumilie. Majibu yalikuwa ni yale yale, salamu zimefika, Mwaija mzima, anaitikia. Aliendelea kufanya kazi chini ya mzambarau kwa kuwa hakuwa na pahali pengine. Alipochoka aliegemeza mgongo kwenye shina, kisha akakumbuka, akajiondoa upesi.

Mwezi wa kumi na mbili uhuru ukaja. Mtaa mzima ulitoka kwenda kutazama bendera mpya ikipandishwa, na Yahaya akaenda, maana mabenchi ya wageni alikuwa ameyatengeneza yeye. Ngoma zililia mpaka vumbi likawafunika wachezaji. Kila upande aliona wanaume wamewabeba watoto wao mabegani ili waone. Mabega yake aliyahisi mepesi mno. Aliondoka kabla ya hotuba.

Kamati ilikaa mwezi wa pili. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kashindye, mwalimu mstaafu mwenye mvi, na pembeni yake madiwani wanne. Mmoja alikuwa mama wa Kihaya aitwaye Justa, mkunga, ambaye nusu ya watoto wa mtaa alikuwa amewapokea kwa mikono yake. Yahaya alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, fundi. Tumesoma maombi yako," alisema Kashindye. "Tunakupa pole. Lakini mvua za mwaka huu umeziona. Ziwa limepanda, mto unakula kingo. Tukiukata mti ule, nyumba zote za pale zimo hatarini. Una la kuongeza?"

"Mti ni hatari, mzee."

Mama Justa akamtazama. "Baba, mti ule naujua. Una miaka zaidi ya thelathini. Watoto wa mtaa wamepanda na kushuka, hajaumia hata mmoja. Mtoto wako naye nilimjua, nilimzalisha mama yake. Alikuwa mtoto msikivu. Ilikuwaje siku ile?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa wapi panauma. Yahaya alifungua mdomo amjibu jibu lile lile la siku zote, kwamba watoto ndivyo walivyo, na jibu halikutoka.

"Nilimtuma mimi," alisema.

Kalamu ya Chenge, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, ilisimama.

"Alisema mama amemkataza. Nikamwambia mimi ndiye ninayemwambia. Nilikuwa na mgeni, nikataka anione. Nilimtuma za juu, mama. Za chini zilikuwepo."

Mama Justa alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mwenyekiti aliinamia karatasi zake, ingawa ilionekana hasomi.

"Mke wako anajua?" Justa aliuliza.

"Hajui."

Walimtoa nje. Alipoitwa tena aliambiwa amepewa kibali, kwa sharti kwamba shina libaki kwa kimo cha goti na mizizi isiguswe, na kando yake apande matete ya kushika udongo. Chenge alimpigia muhuri papo hapo. Alipomkabidhi karatasi alimshika mkono akauzuia kidogo.

"Nenda Nansio," alisema. "Usitume mtu."

Yahaya aliukata mti kwa siku mbili, yeye na wapasua mbao wawili. Majirani walikuja kuomba kuni akawaambia wachukue zote. Yeye mwenyewe hakuchukua hata kipande cha kuchongea mpini. Kazi ilipokwisha uani palikuwa peupe, jua limemwagika mpaka mlangoni, na alishangaa kwamba hakusikia nafuu yoyote.

Nansio maji yalikuwa yamepanda mpaka gati limezama, abiria wakashushwa kwa mitumbwi. Yahaya alifika kwa shemeji yake, Jumbe, suruali imelowa magotini. Jumbe alimpokea kwa heshima, akamletea kiti, kisha akajitafutia shughuli shambani. Mwaija alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimeanza mvi. Hakuinuka.

"Karibu," alisema. "Habari za Mwanza?"

"Nzuri. Nimeukata."

"Umekata nini?"

"Mti. Wamenipa kibali. Uani hakuna kitu tena, unaweza kurudi."

Mwaija aliweka kisu chini. "Nani alikuambia ukate mti?"

"Si ulisema huwezi kuutazama?"

"Nilisema siwezi kutazama uani." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uani ndiko ulikokuwa unakaa wewe."

Yahaya alichuchumaa pale pale kwenye maganda ya mihogo. Maneno aliyoyapanga melini yote yalimpotea, akabaki na yale yale aliyoyasema mbele ya kamati. "Nilimtuma mimi. Nilimwambia apande. Nilikudanganya."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia mwenyewe hospitalini, usiku wa kwanza. Alisema, 'Mama, usimgombeze baba, hata mimi nilitaka kupanda.' Amevunjika mbavu, hawezi kuvuta pumzi, bado anakuombea wewe." Mwaija alianza kulia bila kujifuta. "Nikakuuliza pale mlangoni. Nilijua ulichofanya. Nilitaka uniambie tu, ningelia na wewe. Ukaniambia watoto ndivyo walivyo. Mtoto wangu ukamfanya mkaidi, naye hata kaburini hajaingia. Arobaini nzima nilikusubiri. Kila siku nasikia randa yako huko nyuma, naomba uingie useme. Hukuingia."

"Niliogopa utaniacha."

"Na nikakuacha."

Hapo Yahaya naye akalia. Jumbe aliporudi aliwakuta wamekaa chini kila mmoja upande wake wa ungo wa mihogo, akapita kimya. Jioni Mwaija alimwomba mumewe amsimulie siku ile tangu mwanzo, asifiche kitu. Yahaya akasimulia: gauni alilovaa mtoto, alivyocheka, sauti ya tawi, njia waliyopita kwenda hospitali. Mara mbili Mwaija alimwambia anyamaze, akatoka nje, akarudi, akasema, "Endelea." Meli ya kurudi Mwanza iliondoka siku iliyofuata, Yahaya akaiacha, akapanda ya wiki iliyofuata. Alipanda peke yake.

"Sijui kama nitaweza," Mwaija alimwambia pale kwenye mitumbwi. "Nikiweza, nitakuja. Usinitumie ujumbe."

Hakumtumia. Alihamisha meza ya kazi kwenye kibanda cha kupanga upande wa Kirumba. Alipanda matete ukingoni kama alivyoagizwa. Kila Ijumaa alikwenda makaburini.

Mwezi wa nane, siku ya Ijumaa, alimkuta mtu amekaa kando ya kaburi la mtoto, mzigo wake wa kanga umewekwa mchangani, vumbi la safari bado liko miguuni. Alikuwa anang'oa majani kwa mikono. Yahaya akasimama mbali kidogo, hajui kama asogee au arudi.

Mwaija hakugeuka. "Majani haya ya huku yana mizizi mirefu," alisema. "Njoo unisaidie, Baba Mwanaharusi."