Kibandiko cha Ndani ya Mfuniko

Fundi aliisogeza simu yake karibu na kibandiko kilichokuwa ndani ya mfuniko wa tangi, akasubiri kidogo, kisha akacheka.

"Mwenyekiti, nani alikwambia gari hili linataka petroli ya juu?"

"Si pameandikwa hapo."

"Pameandikwa nini?"

Mwenyekiti akainama kukitazama kibandiko. Maandishi yale yalikuwa ya huko gari lilikotengenezwa, vijistari na vijisanduku ambavyo hakuelewa hata kimoja. Kwa miaka sita aliyatazama kila alipojaza mafuta, na kwa miaka sita alijua maana yake, kwa kuwa mdogo wake alimsomea. Sasa simu ya fundi ilikuwa imeyageuza kuwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeyasoma: petroli ya kawaida.

"Labda simu imekosea," alisema.

Fundi hakubishana. Alikitoa kitabu cha gari, kikiwa bado ndani ya nailoni yake, akakimulika kwa simu ukurasa baada ya ukurasa hadi akaipata namba. Tisini na moja. Kisha akamweleza taratibu huku akijifuta mikono. Namba hiyo ya oktani si kipimo cha nguvu. Inaonyesha tu petroli inavumilia kukandamizwa kiasi gani ndani ya injini kabla ya kulipuka yenyewe. Zipo injini zinazokandamiza sana, hizo usipozipa tisini na tano zitagonga mpaka zife. "Hii yako ni mpole. Ukiipa ya juu haidhuriki, wala haifaidiki. Ni kama kumvalisha mtu koti zito kwenye jua la saa saba. Hafi, lakini umemsaidia nini?"

Loo! Miaka sita ya kulipa bei ya juu! Mwenyekiti akaketi juu ya tairi bovu lililokuwa hapo mlangoni.

Aliikumbuka siku ile vizuri mno. Gari lilikuwa jipya kwake, na alilipeleka moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta alikofanya kazi mdogo wake, huyo huyo aliyemlea tangu ana miaka tisa, huyo huyo aliyemdhamini apate kazi. Kijana akainama, akapitisha kidole juu ya maandishi kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayesoma gazeti. "Dada, hapa wanasema ya juu tu. Kazini tumefundishwa kuyasoma haya." Dada akavimba kichwa kwa fahari. Akarudi kituo cha teksi, akawatangazia wenzake, na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wao na hakuwahi kuwapotosha, wakamfuata. Magari kumi na moja, ya kila aina, ya kila umri. Mdogo wake akayasomea yote, na yote, eti, yalisema neno moja. Hakuna aliyeshtuka. Yeye mwenyewe hakushtuka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alipotoka kwa fundi alimkuta mdogo wake kituoni, kando ya pampu ya upepo, na sare yake imepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Hakumsalimia.

"Nisomee tena," alisema, akafungua mfuniko.

Mdogo wake alikitazama kibandiko, akamtazama dada yake, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Dada, tusiongelee hapa."

"Nisomee!"

"Sijui kuyasoma." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tunashindanishwa, dada. Anayeuza nyingi ya juu ndiye anayebaki, wengine wanapunguzwa. Mwaka ule walipunguzwa wanne. Mimi nilikuwa na wewe tu."

"Ulikuwa na mimi, ukanifanya mtaji."

"Gari limeharibika? Hata siku moja sikukuwekea mafuta mabovu. Ningekudhuru wewe?"

"Umeshanidhuru, we mtoto! Nimewaleta watu wazima hapa kama kondoo. Wanahesabu shilingi, wanaacha kununua hiki, wanaacha kile, kwa sababu nimesema mimi."

Hapo ndipo mdogo wake alipomshika mkono, kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara. Ijumaa, alisema, wanatangaza msimamizi mpya wa kituo, na jina lake lipo juu. Teksi kumi na mbili zikiacha kununua ya juu wiki hii, jina linafutwa. "Nisubirie mpaka Ijumaa tu, dada. Nikishapata, waambie chochote unachotaka, hata matusi nitukaneni."

Mwenyekiti alivuta mkono wake, akaingia ndani ya gari. Hakusema ndiyo. Lakini alipofika kituo cha teksi na wenzake wakamuuliza fundi alisemaje, alijibu kwamba plagi zilikuwa zimechoka.

Siku tatu alikula chakula bila kuionja ladha yake. Alimchukia mdogo wake, halafu akamwona yule mtoto wa miaka tisa aliyelala amemkumbatia mgongoni, akajichukia yeye.

Alhamisi asubuhi, Babu Breki alirudi kutoka kujaza mafuta. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, na jina hilo walimbandika kwa sababu alianza kufunga breki tangu kona ikiwa bado mbali. Alishuka taratibu, akalipapasa gari lake ubavuni.

"Nimelishibisha, Mwenyekiti. Ya juu kabisa. Mama watoto atangoja miwani yake mwezi mwingine. Jana kamimina chumvi kwenye chai, tukacheka mpaka basi."

Mwenyekiti alianza kucheka naye, akaacha. Akatoa simu yake.

"Babu, fungua mfuniko wa tangi."

Walisimama bega kwa bega wakitazama kioo cha simu. Maneno yalipotokea, Babu Breki aliyasoma kwa sauti, polepole, mara mbili: petroli ya kawaida. Mwenyekiti akamweleza yote, hata yale ya mdogo wake, bila kupamba. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe umejua lini?"

Angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angembishia.

"Jumatatu."

Babu Breki aliufunga mfuniko, akaubana kwa kiganja mpaka ukalia. Hakupandisha sauti.

"Juzi Jumanne nilikuuliza hapa hapa, nijaze ya kawaida mara moja tu, ninunue ile miwani. Ukanitazama machoni, mwanangu. Ukaniambia nisilidhulumu gari."

Alikuwa amesema hivyo, neno kwa neno.

Mzee aliingia ndani ya teksi yake, akapandisha vioo vyote vinne ingawa jua lilikuwa kali, akakaa humo akitazama mbele. Madereva wengine kumi walikuwa wameshaona kuna jambo. Waliacha vitambaa vyao vya kufutia vioo, wakaja wakitaniana, na wa mbele akapaza sauti:

"Vipi, Mwenyekiti? Babu kanuna nini? Kuna nani kamdanganya mzee wetu?"