Zamu ya Cherehani

Mtu mwenye kigugumizi cha herufi M akizaliwa kwenye Kiswahili, huyo kazaliwa na kesi. Hebu jaribu kuishi siku moja bila M. Huna mama, huna mke, huna mtoto, huna maji, na ukiumia huna mguu wala mkono. Ukisema ukimbilie kwa Mungu, naye anaanza na M. Mola vilevile, Muumba vilevile, Mwenyezi ndiyo usiseme. Pa kukimbilia hapana.

Mzee wetu alikuwa amejitafutia njia za panya. Mkewe, alipokuwa hai, alimwita "bibi yangu". Mvua kwake ilikuwa "hali ya hewa si nzuri", na akienda dukani kutafuta mkate alinyoosha kidole, "Nipe ule pale." Watu wakamwona mpole, mtu wa maneno machache. Hata binti yake, mwalimu wa sekondari asiyeishiwa maneno, aliamini hivyo. "Baba yangu hapendi makelele," aliwaambia watu kwa fahari. Nyumbani aliyejua ukweli ni marehemu mkewe peke yake, na alikwenda nao kaburini.

Sasa kazi aliyoifanya mpaka kustaafu, utacheka. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa anasema kwa lugha ya kwao, yeye anamgeuzia hakimu kwa lugha ya korti. Sheria ya kazi ile ni kwamba huongezi, hupunguzi, na unasema "mimi" kana kwamba uliyetenda ni wewe. Basi alisimama pembeni ya kizimba miaka nenda miaka rudi akisema, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemwibia mama mkwe wangu mbuzi," na M zote zikatoka bila kujikwaa. Kwa nini, hata yeye hakujua. Maneno ya watu hayakumkwama. Yaliyomkwama ni yake.

Ndipo Kiranja akaja kuharibu mambo. Huyu alikuwa mama mmoja mfamasia mstaafu, kiranja mkuu wao enzi za shule, na kwa maoni ya wengi hakuwahi kuachia cheo. Aliwasaka wenzake wa darasa mmoja mmoja, akawatia kwenye kundi la simu, akatangaza wakutane kwenye bwalo lile lile la zamani. Kila mmoja angesimama, ajitambulishe, aeleze maisha yalimpeleka wapi, alifanya kazi gani, na kustaafu anakuonaje. "Kusingizia mafua marufuku," aliandika.

Mzee alisoma ujumbe ule amekaa kitandani, akaona vidole vinampoa. Ajitambulishe. Yaani aseme, "Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama." Maneno matano, na M zimekaa mlango wa mbele, mlango wa kati na mlango wa nyuma.

Si mara ya kwanza kuombwa hivyo na watu wale wale. Siku ya kwanza kidato cha kwanza, mwalimu aliwataka wasimame wajitaje. Yeye akanasa kwenye "mimi". Dawati moja naye alikaa kijana waliyemwita Redio, maana alikuwa hazimiki, na hakuna sauti ya mtu ambayo hakuweza kuiiga. Redio akasema, "Mi-mi-mi-mi-mi, jamani, cherehani hiyo, nani kaleta kitambaa?" Darasa zima likaanza kukanyaga sakafu chini ya madawati, kama fundi anavyokanyaga pedali. Walikanyaga mpaka mwalimu naye akajifuta machozi ya kicheko. Tangu siku hiyo hakuitwa jina lake tena shuleni pale. Aliitwa Cherehani.

Alijaribu kukwepa. "Sijisikii vizuri," alimwambia binti yake asubuhi ya siku yenyewe.

"Baba, shati nimeshalipiga pasi. Tai nimekununulia." Binti alikuwa anapekua kabati kutafuta soksi. "Na kusema kweli naenda kukusikiliza wewe. Kazi yako hujawahi kunisimulia hata siku moja. Wenzangu wakiniuliza baba yako alifanya nini, nasema alikuwa kortini, wanadhani ulifungwa."

Alicheka. Mzee naye alicheka. Kuchekwa na wazee wenzake angeweza kukumeza, alishakumeza zamani. Lakini binti huyu awe amekaa pale, aone miguu inakanyaga, aone baba yake mpole hakuwa mpole, alikuwa amejificha tu? Alijifungia bafuni akajaribu mbele ya kioo. Alijifanya anamkalimania mzee fulani wa pembeni, mstaafu, mshtakiwa namba moja. Midomo ikafumba kwenye M ya kwanza ikagoma kufunguka. Kioo nacho si hakimu, hakidanganyiki.

Bwalo lilikuwa limepakwa rangi mpya lakini harufu ilikuwa ya zamani, ya unyevu na sabuni ya magadi. Meza zilipangwa kwa duara, maikrofoni ikizungushwa mkono kwa mkono. Cherehani aliingia, akamwona aliyekuwa anamwogopa, akataka kugeuka. Binti alikuwa nyuma yake na mkoba, njia hakuna.

Redio alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, mdomo umekwenda kombo, shingo imefungwa kitambaa cha kupokea mate. Mkewe alimsukuma taratibu akitabasamu kwa kila mtu, tabasamu la mtu aliyechoka kuomba radhi.

"Mkae pamoja ninyi," Kiranja aliamua. "Si mlikuwa dawati moja? Karibu, shemeji, mweke hapa."

Basi wakakaa bega kwa bega tena. Jicho la Redio, lile zima, lilimgeukia Cherehani likakaa hapo hapo.

Maikrofoni ikaanza safari. Mmoja aliuza matairi maisha yake yote, akasema yeye kastaafu ila mgongo ungali kazini. Mwingine alikuwa mkunga, akawaambia nusu ya mji ule ameuona ukiwa uchi. Watu walicheka wakapiga meza. Cherehani alicheka walipocheka, lakini hakusikia kitu. Alikuwa anatazama maikrofoni ikija, na moyo unampiga mpaka tai inatikisika. Alitafuta neno lisilo na M la kazi yake. Mtafsiri, M. Mtumishi wa serikali, M. Akajiambia aseme "nilifanya kazi kortini", halafu akakumbuka Kiranja alivyo: angeuliza kazi gani. Jasho likamshuka mgongoni. Alitamani taa zikatike, paa lidondoke kidogo, chochote.

Ikafika kwa Redio. Kiranja aliidaka hewani. "Mwenzetu huyu tunamjua wote, na hali yake mnaiona. Hatutamsumbua. Tumpigie makofi." Wakampigia makofi yale mazito ya msibani, na maikrofoni ikaruka kichwa chake ikatua mkononi kwa Cherehani.

Alisimama. Ng'ambo ya meza binti yake aliweka kidevu juu ya viganja, tayari kusikiliza.

"M," alisema Cherehani.

Midomo ikafunga. Alisukuma, ikakataa. Spika za ukutani zikaubeba ule mvumo wa pua na kuumwaga bwalo zima, mmm, mmm, na aliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine, watu wakikumbuka. Hakuthubutu kumtazama binti. Kisha chini ya meza alisikia kitu. Ta, ta, ta. Mguu mzima wa Redio ulikuwa unakanyaga kibao cha kiti chake.

Redio akafungua mdomo. Ikatoka sauti ndefu iliyopondeka, vokali tupu na mate.

"Anasema nini?" mtu aliuliza.

"Hasemi kitu," mkewe alijibu haraka, akimfuta kidevu. "Ni sauti tu zinamtoka. Daktari alisema hajui anachosema. Mtusamehe."

Lakini Cherehani alikuwa amesikia kila neno. Sikio lake lilikuwa limesikiliza wenye taya zilizovunjika, vibogoyo, walevi, wanaolia huku wanajieleza. Hili lilikuwa jepesi. Kabla hajaamua kitu, kazi ikamtangulia, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mimi nasema hivi," alisema kwenye maikrofoni, laini, bila kukwama popote. "Mashine hii mpaka leo inakata uzi? Mleteeni mafuta maskini wa Mungu, tutalala hapa."

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Cherehani, wakamtazama Redio. Mguu ulikuwa umesimama. Lile jicho zima lilikuwa limefunguka kupita kiasi, na halikuwa na utani ndani yake hata chembe. Mtu aliyekuwa amefukiwa akasikia jembe juu yake angetazama hivyo.

Redio akaanza kumimina. Cherehani akainama sikio karibu na mdomo ule, mate yakimrukia shavuni, akamgeuzia bwalo neno kwa neno.

"Mimi nasikia. Mimi nasikia kila kitu. Wanasema sijui ninachosema, wanasema mbele yangu. Mimi naongea kutwa nzima na hakuna anayenijibu. Mke wangu, uji unaninywesha wa moto, ulimi unaungua. Taa usiizime. Usiku napiga kelele unaniambia nyamaza, nami nakwambia, taa. Nakwambia taa tu. Mimi naogopa. Naogopa nitakufa nikiwa naongea, na mtaniambia nyamaza."

Mke wa Redio alikuwa amejishika kinywa. "Taa," alisema. "Mwaka mzima nimemzimia taa ili apumzike." Akapiga magoti pale sakafuni na kushika mguu wa mumewe. "Shemeji, muulize. Muulize kama ana kingine."

Hakuhitaji kuulizwa. Redio alisema, na Cherehani akatamani kuyaruka maneno yale, maana yalimhusu yeye mwenyewe. Lakini huongezi, hupunguzi.

"Mimi nasema, huyu asiondoke. Huyu Cherehani. Msimwache aondoke."

Redio akaishiwa pumzi, kichwa kikalala kifuani. Watu walikuwa wanapenga kamasi kwenye leso. Kiranja alizunguka meza akaja kumwekea Cherehani mkono begani, na kwa mara ya kwanza tangu shule sauti yake haikuwa ya amri.

"Kaa, ndugu yangu. Wewe tumeshakusikia. Hatutakusumbua."

Mlango ulikuwa wazi. Kiti kipo nyuma ya magoti yake, makofi yako njiani, na M zingebaki zilikofichwa. Alikuwa ameanza kukunja magoti aliposikia vizuri maneno yale: hatutakusumbua. Ndivyo alivyoambiwa Redio. Hofu iliyompata hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, akanyoosha magoti.

"M," alisema. "M-m. Mi."

Hapakuwa na mshtakiwa wa kujificha nyuma yake. Alimtazama binti yake, kwa sababu alijua asipomtazama sasa hatamtazama tena, akaona machozi yanamlenga, na hakujua kama ni ya aibu.

"Mi-mimi. Mimi nilikuwa m-m-m."

Ilikwama. Ilikwama muda mrefu, spika zikivuma, mtu akaangalia chini, mwingine akakohoa. Binti hakuweza kuvumilia. Aliinuka nusu kwenye kiti akamsaidia kwa sauti ndogo, kama anavyowasaidia wanafunzi wake.

"Mkalimani, baba."

Alimtikisia kichwa, hapana. Siyo neno alilokuwa analitafuta. Akavuta pumzi akarudi mwanzo, akasukuma tena, jasho likimwingia machoni.

"Mwoga," alisema. "Mimi nilikuwa mwoga, mwanangu. M-mpaka sasa hivi."

Akabaki amesimama, maikrofoni mkononi, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza.